Visiwa vya Kongosho: Historia ya Uvimbe Utoao Insulini

Miongoni mwa maradhi yaliyowatatanisha matabibu kwa muda mrefu umo uvimbe wa kongosho utoao insulini kupita kiasi. Uvimbe huu ni wa nadra. Aghalabu haufiki upana wa sentimita 2, na mara nyingi hauenei mwilini kama saratani. Walakini mtu aliyenao hutetemeka, hutoka jasho, hupayuka, na pengine huanguka na kuzimia. Akiisha kupewa kitu kitamu hurudiwa na fahamu zake. Kwa kuwa dalili hizi huonekana katika maneno na mwenendo, wako wagonjwa waliodhaniwa kuwa wenye wazimu, walevi au wenye kifafa.

Historia yake inaanza na jina. Katika mwaka wa 1869 Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, alieleza vikundi vidogo vya chembe alivyoviona katika kongosho, asijue kazi yake. Katika mwaka wa 1893 Mfaransa Laguesse alivipa jina la visiwa vya Langerhans. Kisha katika mwaka wa 1909 Mbelgiji Jean de Meyer alilichukua neno la Kilatini insula, maana yake kisiwa, akaunda jina la kitu kilichodhaniwa kutolewa na visiwa hivyo. Basi jina lilikitangulia kitu chenyewe, kwani insulini haikupatikana kwa matumizi ya wagonjwa mpaka kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod huko Toronto katika miaka ya 1921 na 1922.

Uvimbe nao ulionekana kabla ya kufahamika. Katika mwaka wa 1902 Albert Nicholls wa Montreal alieleza uvimbe uliotokana na visiwa vya kongosho, alioukuta katika uchunguzi wa maiti. Lakini wakati huo hapakuwa na njia ya kuuhusisha na maradhi yoyote. Insulini ilipoanza kutumiwa, matabibu waliona kwamba mgonjwa wa kisukari aliyedungwa nyingi kupita kiasi hutetemeka na kuchanganyikiwa. Seale Harris wa Birmingham, Alabama, akaziona dalili hizo hizo kwa watu wasiopata kudungwa insulini hata kidogo, na katika mwaka wa 1924 akatoa hoja kwamba kongosho lenyewe laweza kuitoa kwa wingi uletao madhara.

Ushahidi ulipatikana katika Kliniki ya Mayo, Rochester, Minnesota. Mwishoni mwa mwaka wa 1926 William Mayo alimpasua mgonjwa, naye mwenyewe alikuwa daktari, aliyelazimika kula sukari mara kwa mara ili asizimie. Ikaonekana saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea katika ini, isiyoweza kuondolewa. Mgonjwa alipofariki, dutu iliyokamuliwa katika uvimbe wa ini lake ilidungwa kwa sungura, na sukari katika damu yao ikashuka. Wilder na wenzake walizitangaza habari hizo katika mwaka wa 1927. Miaka miwili baadaye, huko Toronto, Roscoe Graham alimwondolea mwanamke mmoja uvimbe wa namna hiyo, naye akapona.

Kufaulu huko kulileta hatari nyingine, yaani kupasuliwa kwa watu wasio na uvimbe. Ndipo Allen Whipple wa New York, aliyeandika juu ya jambo hili pamoja na Virginia Frantz katika mwaka wa 1935, alipoweka masharti matatu: dalili zitokee mgonjwa anapofunga kula, sukari ya damu wakati huo iwe chini ya miligramu 50 katika mililita 100, na dalili ziondoke mara apewapo sukari. Asiyetimiza masharti hayo asipasuliwe.

Masharti hayo yalithibitisha upungufu wa sukari, lakini hayakuonyesha asili yake. Katika mwaka wa 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson walieleza kwa ukamilifu njia ya kupima insulini iliyomo katika damu. Yalow alipata Tuzo ya Nobel katika mwaka wa 1977, Berson akiwa amekwisha kufa katika mwaka wa 1972. Tena katika mwaka wa 1967 Donald Steiner wa Chicago alionyesha kwamba insulini huumbwa ndani ya protini kubwa zaidi, ambayo ikikatwa huacha kipande kiitwacho peptidi C. Insulini ya sindano haina kipande hicho. Kwa hiyo insulini ikiwa nyingi na peptidi C ikiwa chache, yajulikana kwamba insulini imetoka nje ya mwili. Vidonge vingine vya kisukari, kwa kuwa hulichochea kongosho, huzidisha vyote viwili; ndiyo sababu damu huchunguzwa pia kama ina dawa hizo.

Siku hizi mgonjwa hufungishwa chini ya uangalizi, pengine hadi saa 72. Sukari ikishuka chini ya miligramu 55 pamoja na dalili, hali insulini na peptidi C hazikupungua kama ipasavyo, wala hapana dawa katika damu, ndipo uvimbe hutafutwa kwa picha za mwili, au kwa mawimbi ya sauti yapelekwayo karibu na kongosho kwa mpira upitishwao kinywani. Mpasuaji hupapasa kongosho kwa vidole na kulipima tena kwa mawimbi hayo, kisha mara nyingi huweza kuutoa uvimbe peke yake. Asiyeweza kupasuliwa hupewa dawa kama diazoksidi, izuiayo kutolewa kwa insulini.

Utaratibu huo hauruhusu kugeuzwa: kwanza ugonjwa uthibitishwe katika damu, ndipo mahali pake patafutwe. Picha peke yake yaweza kuonyesha kivimbe kisicho na madhara, au kuukosa kile chenye madhara; na kosa lolote kati ya hayo hulipwa na mgonjwa.