Zahanati ya Tharia Topan

Anayetoka bandarini Unguja kwa barabara ya Mizingani hulikuta jengo la ghorofa lenye rangi ya kijani kilichofifia, roshani zake za mbao zimetobolewa nakshi hadi zinafanana na lesi. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, akikusudia liwe hospitali ya maskini. Alifariki 1891, kabla halijakamilika. Baadaye chini kukawa zahanati, juu wakaishi watu. Hatimaye likaachwa, mvua ikapenya na mbao zikaoza. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati likawa kituo cha utamaduni.

Ukarabati wa namna hiyo unahitaji mafundi wanaoijua chokaa. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani: chumvi hujitokeza, plasta hubambuka, boriti huoza mahali zinapoingia ukutani, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka dari ishuke. Nyumba nyingi zimeharibiwa na watu waliodhani wanazitengeneza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kupangishwa chumba chumba. Kodi ilikuwa ndogo, na paa halikuwa na mwenyewe. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautambua kuwa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Msiba ule bado unauma.

Nakubali kwamba hoteli zimeokoa mapaa mengi. Lakini nyumba ikishakuwa hoteli, jirani hana tena sababu ya kuketi kwenye baraza yake. Ndiyo maana nalipenda zaidi jengo la forodha ya zamani, ambako kwa miaka mingi chuo cha muziki kilichoanzishwa 2002 kiliwafundisha vijana wa Unguja kupiga udi, kanuni na fidla. Watoto wa mji walipanda ngazi zile bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Wanaogawa majengo haya kwa wawekezaji wadai angalau ghorofa ya chini ibaki ya wenyeji: darasa, maktaba au karakana. Nawe uliyerithi nyumba ya mawe, kabla hujanunua mfuko wa saruji, mtafute fundi wa chokaa. Bado wapo, na wengi wao ni wazee.