UTANI WA KUSINI: BABU ZETU WALIIGEUZAJE VITA IKAWA KICHEKO?

Leo tunawaacha mastaa wapumzike kidogo, tunazama kwenye historia. Usikimbie! Ni historia ya kucheka. Watu wakisikia historia wanawaza vita na tarehe za mikataba tu, kumbe hata kicheko kina historia yake, na huku kwetu Mtwara ni nzito kuliko unavyodhani.

Tuanze na kitoweo. Panda juu Newala, Tandahimba au Masasi, mbali kabisa na bahari, utasikia watu wanasifia samaki nchanga. Mgeni anafurahi, anajua leo anakula samaki. Kikija mezani, ni panya! Panya wa porini lakini, sio huyo wa darini kwako. "Nchanga" ni mchanga kwa matamshi yetu ya Kusini, kwa hiyo ni samaki wa mchangani. Watu wa Msimbati na Mikindani wanavua majini, wa juu wanavua ardhini, ngoma droo.

Ukiliangalia vizuri hilo jina lina akili. Mtu alikuja kukucheka kwamba unakula panya, wewe umeshampa panya jina tamu na umeshacheka kabla yake. Atasema nini tena? Umempokonya silaha.

Hata neno machinga lina mambo. Linahusishwa na Wamachinga, kabila la majirani zetu wa Lindi, vijana wao walipokwenda Dar kuuza vitu mkononi. Leo Mchaga akitembeza viatu Kariakoo naye ni machinga! Halafu vijiweni wakatokea wajuaji wanaodai ni Kiingereza, eti vijana wanaotembea kwa mwendo wa kijeshi. Mchezo wa maneno tu huo, ila umesambaa mpaka kuna watu wanaubishania kweli.

Sasa twende kwenye utani wenyewe, ule wa makabila.

Karne ya 19 Kusini palichafuka. Wangoni waliingia maeneo ya Songea kutoka kusini mwa Afrika, miaka ya 1840 hivi, na vikosi vyao vikawa vinavamia mpaka upande wa pwani. Watu waliwaita Magwangwara. Masasi, ambako wamisheni walianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru mwaka 1876, ilivamiwa mwaka 1882. Nyumba zilichomwa, watu walitekwa. Upande mwingine Wangoni hao hao walikuwa wanapigana na Wahehe, kuanzia 1878 mpaka 1882. Hapo hakuna mtu alikuwa anacheka.

Lakini leo mkutanishe Mngoni na Mhehe ofisini uone. Huyu anaambiwa mla panya, yule anaambiwa mla mbwa, na chai wanakunywa pamoja. Wangoni wana watani wengi, na wengi wao ni watu waliopigana nao. Yaani adui ndiye aliyegeuka mtani.

Kwa nini? Fikiria mwenyewe. Vita imeisha, kila upande una makaburi, kila upande una watoto waliozaliwa na mama aliyetekwa. Ukisema mlipane damu, hamtamaliza. Ukisema msahau, nani atasahau? Basi wakapata njia ya tatu: lile neno la vita liruhusiwe kusemwa hadharani, ila kwa sharti kwamba asikasirike mtu. Maneno yakabaki, mikuki ikawekwa chini.

Mambo haya yaliwashangaza hata wasomi wa Kizungu. Mwaka 1941 R. E. Moreau aliandika makala kuhusu utani wa Tanganyika. Cha kuchekesha, kazi yake huyo bwana ilikuwa ndege! Alikuwa mtaalamu wa ndege kule Amani, Tanga.

Na Tanga hiyo ndiyo iliyokuwa na mashamba ya mkonge, ambako watu wetu wengi wa Kusini walikwenda kama manamba. Hapo ndipo utani ulipoonyesha kazi yake. Mtu ametoka mbali, hana shangazi, hana mjomba, halafu anafia kambini. Nani atamzika? Mtani. Ile kwamba babu zao walipigana zamani inakuwa ndio undugu wao ugenini.

Mpaka leo msibani utamuona mtani. Anavaa koti la marehemu, anaiga anavyotembea. Anaingia kaburini, anagoma kutoka mpaka apewe hela. Mjane aliyelia tangu asubuhi anajikuta anacheka huku machozi yanatoka. Ndugu hawezi kuifanya kazi hiyo, maana na yeye analia. Inataka mtu wa karibu kiasi cha kuja na wa mbali kiasi cha kuweza kucheka.

Ila utani una sheria, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Sheria kubwa ni kwamba unaenda na kurudi. Ukinitania leo, kesho zamu yangu, na hutanuna. Babu anamwita mjukuu "mume mwenzangu", mjukuu anamjibu kwamba meno yameisha, ampishe. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa sababu hiyo hiyo: leo unachekwa wewe, mechi ijayo nachekwa mimi.

Sasa angalia tunachofanya kwenye simu siku hizi. Mtu anachukua picha ya bibi wa Kimakonde mwenye chanjo usoni na ndonya mdomoni, anaandika maneno ya kejeli, anarusha. Watu elfu wanacheka. Yule bibi hana simu na wala hajui kama anachekwa, zamu yake ya kujibu haipo. Ukimuuliza aliyeirusha, anakwambia "utani tu jamani".

Hapana ndugu yangu. Mtani anasimama mbele yako, anakuangalia usoni, na siku ukifa anakuja kukuchimbia kaburi. Wewe uliyerusha ile picha, utakuja kumzika yule bibi?

Sisemi tuache kucheka, Mtwara bila vicheko tungeishi vipi na joto hili? Tutaniane sana. Ila kabla hujarusha, jiulize kama huyo unayemcheka ana nafasi ya kukujibu.

Haya, niambieni hapo chini: wewe kabila gani, na watani wako ni kina nani? Wala panya wenzangu tupo wengi, leteni maneno, tunajibu!