Dakika 23 juu ya meli, na bunduki za Rubira

Jumamosi jioni, hapa Buyenzi, huwa tunatundika shuka jeupe ukutani na vijana wa kikundi wanachagua cha kuangalia. Kawaida ni mpira. Wiki ile umeme ulikuwepo, nikawawekea picha za zamani: Wajapani wakisalimu amri juu ya meli ya kivita USS Missouri, katika ghuba ya Tokyo, tarehe 2 Septemba 1945.

Shughuli yote ilichukua dakika 23. Vita iliyoua mamilioni ya watu, halafu meza moja, makaratasi na kalamu. (Na msifikiri ilikuwa mbali na sisi. Sehemu kubwa ya madini ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga.) Waziri Shigemitsu anapanda akitembelea fimbo, maana mguu wake mmoja ni wa bandia. Nyuma ya Jenerali MacArthur wamesimama majenerali wawili wamekonda kabisa, Wainwright na Percival, waliokaa mateka wa Wajapani zaidi ya miaka mitatu. Hawasemi kitu. MacArthur anawapa kalamu alizosaini nazo. Vijana walicheka nilipowaambia kwamba yule wa Canada alikosea mstari, ikabidi karatasi irekebishwe kwa mkono.

Kijana mmoja akauliza: "Kaka, huyu mwenye fimbo, mbona hawamfungi?"

Alifungwa, lakini baadaye, na baada ya kesi. Mahakama ya Tokyo ilimpa miaka 7. Mwaka 1950 aliachiliwa, akarudi kuwa waziri wa mambo ya nje, na Japani ilipopokelewa Umoja wa Mataifa mwaka 1956, ni yeye aliyeketi pale. Hayo hayamo kwenye filamu. Kamera ilizimwa siku ile ile.

Sasa turudi kwetu. Sherehe kubwa ya amani ya Burundi ilikuwa Arusha, tarehe 28 Agosti 2000. Mandela alikuwepo, Clinton alikuwepo, vyama vimejaa ukumbi. Lakini FDD na FNL, yaani wenye bunduki porini, hawakusaini. Basi vita ikaendelea. FDD waliingia mwaka 2003. FNL walisaini mwaka 2006, na bado Aprili 2008 mabomu yakaanguka hapa Bujumbura. Waulizeni wenyeji wa karitiye za kaskazini, watawaambia walilala chini ya vitanda.

Siku iliyonivuta mimi ni ndogo zaidi: tarehe 18 Aprili 2009, Rubira, nje ya mji. Agathon Rwasa, kiongozi wa FNL, alikabidhi silaha mbele ya watu wa Umoja wa Afrika. Hapakuwa na meli wala rais wa Marekani. Ila palikuwa na hesabu: wapiganaji 3,500 kuingia jeshini na polisi, wengine 5,000 kurudishwa uraiani. Siku chache baadaye FNL ikaandikishwa kama chama. Siasa haikutulia, mwaka uliofuata Rwasa alijificha tena baada ya ugomvi wa uchaguzi. Lakini wale wengi waliokabidhi bunduki walikuwa wameshajua watalala wapi kesho yake, na ndiyo maana mimi naipa Rubira uzito kuliko Arusha. Wengine watanikatalia, sawa.

Mwezi mmoja kabla ya Rubira, tarehe 23 Machi 2009, walisaini pia Goma: serikali ya Congo na CNDP. Wapiganaji waliingizwa jeshini. Mwaka 2012 wengi wao waliasi, wakisema mkataba haukutekelezwa, wakajiita M23 kwa tarehe hiyo hiyo. Ninyi mnaosoma hii mkiwa Musasa au Kavumu, mnajua yaliyofuata kuliko mimi.

Niliwaeleza vijana hivyo, na wengi wao ni wa Kivu. Ukimya ukaingia. Halafu dada mmoja, aliyevuka Rusizi na mama yake, akaomba nirudishe filamu nyuma, pale kwa wale majenerali wawili waliokonda. Akawaangalia sana.

"Hawa ndio walioteswa," akasema. "Wao wamewekwa karibu na meza. Kule Goma, karibu na meza alisimama nani?"

Nilitafuta picha za Goma kwenye simu mpaka bando likaisha.