Kwanza Udongo, Kisha Nyumba ya Utamaduni



Ukitoka Minova kwenda Bukavu kwa barabara ya kando ya ziwa, milima iko mkono wa kuume. Huko juu, nyuma ya mashamba ya Kalehe na Kabare, ndiko msitu wa Kahuzi-Biega uko. Wenyeji wake wa kwanza ni Batwa. Siku hizi tukiongea juu ya kuwasaidia, wazo ni lile lile: wajengewe kituo cha utamaduni, wageni waje waone ngoma, vyungu, vitunga na virago, wanunue, pesa ipatikane. Wazo si baya. Lakini tujiulize: kitunga kinasukwa kwa kitu gani, na kitu hicho kinatoka wapi?

Kinatoka porini. Mama wa Kitwa alijua kamba ipi inakatwa msimu gani, ipi inapindika bila kuvunjika. Pahali pale pale alipokata kamba ndipo alichimba dawa ya mtoto, ndipo bwana yake alitafuta asali, ndipo wazee walizikwa. Kusuka haikuwa kazi ya kuonyesha watu. Ilikuwa sehemu ya kuishi pale.

Wabelgiji waliweka akiba ya wanyama kwenye mlima Kahuzi mwaka 1937, lakini Batwa waliendelea kuishi humo. Tarehe 30 Novemba 1970 serikali ikatangaza hifadhi ya taifa, hektari 60,000. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka karibu 600,000, na 1980 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Batwa walifukuzwa bila kuulizwa na bila fidia. Na kumbe wafuatiliaji nyayo wa Kitwa ndio walioongoza wazungu wa kwanza mpaka kwa sokwe! Sokwe wakapata walinzi. Waliowajua sokwe wakabaki kulima kwa siku katika mashamba ya watu wengine. Oktoba 2018 familia kadhaa zilirudi msituni. Wakagongana na walinzi, watu wakafa upande huu na ule.

Majirani zetu wa Uganda walipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zikawa hifadhi, Batwa wakatolewa. Baadaye, kule Mgahinga, ikaanzishwa safari ya wageni inayoongozwa na Batwa wenyewe: wanawasha moto kwa vijiti, wanaonyesha dawa na mitego, wanaimba ndani ya pango la Garama. Inaleta pesa kidogo, na vijana wanasikia hadithi za wazee. Lakini safari ikiisha, kiongozi anatoka msituni pamoja na mgeni. Anaonyesha nyumba ambayo hana ruhusa ya kulala ndani.

Sasa tuangalie mbali, Australia. Waanangu, wenyeji wa asili wa Uluru, walirudishiwa ardhi yao tarehe 26 Oktoba 1985. Waliikodisha kwa serikali iendelee kuwa hifadhi, miaka 99, huku wao wakiwa na sauti katika uongozi. Kituo chao cha utamaduni kilifunguliwa 1995, miaka kumi baadaye. Na mwaka 2019 kupanda lile jiwe kukakatazwa, kwani kwao ni pahali patakatifu. Ardhi ilitangulia, kituo kikafuata. Ndiyo maana mgeni anayeingia pale anapokelewa na wenye nyumba.

Na sisi tuna pa kuanzia. Sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022 inalinda haki za wenyeji wa asili katika Kongo, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoishi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na kuwaomba msamaha hadharani. Karatasi hizo mbili zina uzito kuliko matofali.

Siku moja kituo kitajengwa, hata huku Kalehe. Ila kisije kuwa duka la vitunga vilivyosukwa kwa nyuzi za nailoni za sokoni, kwa sababu mwenye kukisuka angekamatwa akienda kukata kamba.

Kati yetu kuna wanasheria, walimu, wahandisi. Nani amekwisha kuisoma sheria hiyo, na nani anaweza kwenda kuielezea vijijini, kwa lugha wanayoielewa? Mseme hapa chini.