Ndago Haiishi kwa Kufyekwa: Habari za Ua Mmoja wa Kitaya



Sidhani kama yuko miongoni mwetu aliyemaliza masomo katika shule yetu bila kuonja adhabu ya ndago. Mchelewaji wa mstarini alipimiwa hatua kumi kwa kumi nyuma ya bweni, akakabidhiwa jembe, na jioni mwalimu wa zamu alipita kukagua. Tulikuwa mafundi wa adhabu hiyo. Tulikata majani juu juu, tukasawazisha udongo kwa mguu, na mahali pakaonekana safi. Siku chache baadaye ndago ilikuwa imerudi, na mchelewaji mwingine alipewa kipande kilekile.

Hivyo niliondoka shuleni nikiamini kwamba kusafisha ni kufanya mahali paonekane safi. Imani hiyo nilikwenda nayo chuo kikuu na hata kazini serikalini, ambako nimewahi kuandika katika taarifa kwamba "eneo limesafishwa" hali lilikuwa limefyekwa tu. Aliyenisahihisha ni mjomba wangu, na darasa lilikuwa ua wake huko Kitaya.

Kitaya iko mkoani Mtwara, kando ya mto Ruvuma. Ng'ambo ya maji ni Msumbiji. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka upande wa pili walikivamia kijiji hicho, wakaua watu na kuchoma nyumba. Ilikuwa ni cheche ya vita vilivyoanza katika jimbo la Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017. Wakazi wengi walikimbia na kuacha kila kitu, mjomba akiwa mmoja wao. Kwa sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa mjomba ndiko nyumbani. Kwa hiyo alipoamua kurudi, mwezi Septemba 2022, aliniita mimi mpwa wake nikamsaidie.

Tulikuta nyumba haina paa. Mkorosho wa mbele ya mlango ulikuwa umeungua upande mmoja. Ua mzima, kutoka ukutani hadi njiani, ulikuwa ndago tupu. Nilitafuta vijana wawili wenye mapanga na majembe, na kabla ya jua kuchwa uwanja ulikuwa mweupe. Nikamwambia, "Mjomba, kazi imekwisha. Kesho tupande."

Mzee alichimba kidogo kwa ncha ya fimbo yake, akainama, akanyanyua kitu cheusi kama punje ya mbaazi iliyoungua. "Mpwa wangu," akasema, "umenyoa. Hujalima bado."

Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu Leroy Holm na wenzake walichapisha kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago wakaiweka ya kwanza. Sababu yake iko chini ya ardhi. Ndago huzaa viazi vidogo vilivyounganishwa kwa vijizizi vyembamba, kimoja baada ya kingine, mithili ya shanga katika uzi. Mnyororo ukiwa mzima, viazi vingi hulala. Jembe likiukata, vile vilivyolala huamka na kila kimoja hutoa mche wake. Moto hauvifikii, na panga ndiyo kabisa. Kumbe miaka yote ile nyuma ya bweni tulikuwa hatuiadhibu ndago, tulikuwa tukiipanda.

Nilipokuwa nimeinama katika udongo ule nilikumbuka kwamba historia ya kusini yetu ina habari nyingi za namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matingatinga, na hata mitambo iliyotokana na vifaru vya vita, yaliangusha vichaka kwa kishindo. Lakini mizizi ilibaki ardhini ikavunja majembe ya matrekta, mvua ikawa haba, na udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama sakafu. Mwezi Januari 1951 mradi uliachwa, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36. Sisi tuliachiwa bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya Nachingwea ambayo ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Makosa yalikuwa mengi, lakini mojawapo ni lile langu: kuhesabu ekari zilizoonekana tupu na kusahau kilichobaki chini.

Habari ya pili inatuhusu zaidi, nayo ni ya korosho. Korosho njema haichumwi mtini. Huanguka yenyewe na kuokotwa. Kwa hiyo chini ya mkorosho pasipopaliliwa, mavuno hupotea katika majani, na moto wa kiangazi ukija huondoka na mti wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Bei ilikuwa mbaya kwa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini sababu nyingine ni kwamba watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji na mikorosho yao imebaki mbali. Tusisahau kwamba vijiji vilileta shule na zahanati, na huku Ruvuma vilikuwa pia kinga wakati wa vita vya Msumbiji dhidi ya Wareno. Hata hivyo, mtu anayetembea saa mbili kwenda shambani hawezi kulipalilia kama anayelala kando yake. Ilichukua miaka mingi ya kufyeka upya, kupuliza salfa na kupanda miche bora ya watafiti wa Naliendele ndipo zao likasimama tena.

Mwaka 2020 watu wa Kitaya hawakuhamishwa kwa mpango. Walikimbia roho zao. Sababu ni tofauti kabisa, lakini gugu haliulizi sababu. Linachojua ni kwamba mwenyewe hayupo.

Basi tukaanza upya, kwa namna ya mjomba. Tuliugawa ua katika vipande vidogo. Tulichimba kina cha jembe zima, tukavunja mabonge kwa mikono, tukaokota viazi kimoja kimoja na kuvianika juu ya bati la paa lililoanguka, kwa kuwa jua kali la kiangazi huviua vikikauka kabisa. Likizo yangu ya wiki mbili ilikwisha tukiwa tumemaliza robo ya ua. Nilikuwa na aibu. Mjomba hakuwa nayo. Aliendelea na wanawe.

Niliporudi mwezi Desemba mvua zilikuwa zimeanza, na ndago ilichomoza tena, ingawa kwa uchache. Ikang'olewa ikiwa changa, kabla ya kuzaa viazi vipya. Ndipo tukapanda kunde na viazi vitamu vya kutambaa, kwani ndago haipendi kivuli, na katikati yake mihogo. Upande wa nyuma tuliweka miche ya mikorosho, mita 12 kati ya mche na mche. Kivuli chake kitakuja kuwa mlinzi wa ua, ila kwa sasa mlinzi ni jembe.

Ua ule leo unalimika. Ndago iliyosalia iko mpakani, upande wa jirani ambaye hajarudi na huenda asirudi. Viazi huvuka mpaka bila kuonekana. Kila wiki mjomba hulima hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani huyo. Nilimwuliza kwa nini hafanyi hatua moja, ambayo ingetosha kujikinga. Akajibu, "Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni yake, akirudi akute pa kuanzia."

Vijana wetu, mtakapopewa kipande cha ndago nyuma ya bweni, chimbeni kina cha jembe na kuokota viazi, hata kama mwalimu wa zamu atakagua majani tu. Nanyi wahitimu wenzangu mlio maofisini, nawaomba tuache kuita safi kile kilichonyolewa. Mimi nimeanza. Katika taarifa zangu siku hizi naandika "limefyekwa" panapofyekwa, na neno "limesafishwa" naliweka akiba mpaka mvua ya kwanza ipite.