Mmeguko si mpasuko

Kiini cha atomu kikivunjika, magazeti huandika haraka “mpasuko”. Kwa urani inayogawanyika vipande viwili na kutoa nyutroni mbili au tatu, neno linatosha. Lakini katika mtambo wa MYRRHA unaoandaliwa Mol, Ubelgiji, kazi ni nyingine. Mwale wa protoni utagonga mchanganyiko ulioyeyushwa wa risasi na bismuthi (risasi ya madini, ingawa hapa ndiyo inayopigwa), na viini vitabanduka vijipande na kumwaga nyutroni. Huo mimi nauita mmeguko, kama chokaa inavyomeguka ukutani. Protoni moja ya elektronivolti bilioni 1 ikigonga bonge nene la risasi huzalisha nyutroni 20 hivi au zaidi. Nyutroni hizo ndizo zinazoendesha tanuri la nyuklia lisiloweza kujiendesha: zima mwale, nalo linazimika.

Hesabu za mmeguko huo hufanywa kwanza kwenye kompyuta. Programu kama Geant4 hufuata chembe moja moja, na kila chembe inapogonga kitu hupiga kura ya bahati kuamua kitakachotokea. Ndiyo maana mbinu hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, penye kasino ya Monaco. Kufanya hivyo ni kuiga, basi tuseme “uigaji”. Uigizaji tuwaachie wa jukwaani.