Kwa Nini Mwezi Hauanguki?

Ukirusha jiwe juu, litarudi chini. Embe likiiva, huanguka. Mambo haya tunayaona tangu utoto, wala hakuna anayestaajabu. Lakini usiku tukiinua macho tunauona mwezi, nao ni tufe la mawe lenye upana wa kilometa karibu 3,500. Haukufungwa kwa kamba, wala haukusimama juu ya nguzo. Mbona hauanguki? Watu walikawia karibu miaka elfu mbili kupata jibu la kweli.

Mawazo ya watu wa kale

Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba vitu vizito hushuka kwa sababu chini ndiko mahali pao, na kwamba kitu kikizidi uzito, huzidi pia mbio za kuanguka. Mwezi na nyota, alisema, si za udongo kama dunia. Zina asili nyingine, na mwendo wao wa asili ni kuzunguka. Basi kwake jiwe lilikuwa na sheria yake, na mwezi ulikuwa na sheria yake. Shule za Ulaya zilishika mafundisho hayo kwa muda mrefu.

Galileo apima

Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564, hakutosheka kusoma tu, alitaka kupima. Kwa kuwa kitu kinachoanguka kina mbio mno, alivingirisha tufe la shaba juu ya ubao ulioinama, akapima wakati kwa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Akaona kwamba wakati ukiwa mara 2, njia huwa mara 4. Wakati ukiwa mara 3, njia huwa mara 9. Tena uzito haubadili neno: pasipo hewa, jiwe na unyoya vingefika chini pamoja. Mwaka 1971 David Scott, Mmarekani aliyefika mwezini, aliangusha nyundo na unyoya wa ndege huko pasipo hewa, navyo vikagusa chini pamoja.

Kwa darubini yake Galileo aliona milima mwezini, akayatangaza hayo mwaka 1610. Basi mwezi nao ni nchi ya mawe! Lakini kwa kushikilia kwamba dunia huzunguka jua, alihukumiwa Roma mwaka 1633, akafungiwa nyumbani mpaka kufa kwake mwaka 1642. Tuseme wazi: waamuzi wake walikosa, na Papa Yohane Paulo II alilikiri kosa hilo mwaka 1992. Hata katika kifungo chake mzee yule hakuacha kazi. Kitabu chake juu ya mwendo wa vitu kilichapwa Uholanzi mwaka 1638.

Hesabu ya Newton

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza, chuo cha Cambridge kikafungwa, na kijana Isaac Newton akarudi kwao kijijini. Uzeeni alisimulia kwamba tofaa lililoanguka ndilo lililomtia katika mawazo. Watu wengi walikuwa wameona matofaa yakianguka. Swali lake ndilo lilikuwa jipya. Nguvu inayovuta tofaa yaishia wapi? Juu ya mti ipo, juu ya mlima ipo. Je, haifiki mpaka mwezini?

Tuifuate hesabu yake, ndugu msomaji, maana si ngumu. Kutoka kitovu cha dunia mpaka mwezini ni mara 60 ya kutoka kitovu hicho mpaka hapa tunaposimama. Newton aliwaza kwamba umbali ukiwa mara 2, nguvu hubaki robo. Ukiwa mara 3, hubaki sehemu moja ya 9. Basi kwa mara 60 itabaki sehemu moja ya 3,600. Jiwe likiachiwa huanguka karibu meta 5 katika sekunde ya kwanza. Mwezi, basi, wapaswa kuanguka milimeta moja na kidogo tu.

Je, waanguka kweli? Ndiyo! Mwezi hukimbia karibu kilometa moja kila sekunde. Kama usingevutwa, ungekwenda moja kwa moja na kupotea mbali. Lakini kila sekunde njia yake hupindwa kuelekea dunia kwa milimeta moja na kidogo, kama hesabu ilivyosema. Hilo ndilo jibu la swali letu: mwezi unaanguka usiku na mchana, ila mbio zake za pembeni huupitisha kando ya dunia daima, wala haufiki chini. Jiwe na mwezi vina sheria moja.

Newton aliyaeleza hayo katika kitabu kikubwa cha Kilatini kilichotoka mwaka 1687, na rafiki yake Edmond Halley akalipa gharama ya uchapaji. Kila kitu, alisema, huvuta kila kitu kingine. Kwa nguvu hiyo sayari hulizunguka jua, na bahari hujaa na kupwa kwa kuvutwa na mwezi na jua.

Sheria yajaribiwa

Halley aliitumia sheria hiyo kutabiri kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi yapata mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742 asiione. Lakini usiku wa Noeli wa mwaka 1758, Palitzsch, mkulima wa Ujerumani aliyependa elimu ya nyota, aliiona imerudi.

Baadaye sayari Urano ilionekana kuiacha kidogo njia yake. Mfaransa Le Verrier alipiga hesabu: kuna sayari nyingine inayoivuta. Akamwandikia Galle wa Berlin mahali pa kutazama, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle akaiona Neptuni karibu kabisa na mahali palipotajwa.

Hata hivyo kasoro moja ilibaki. Njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, husogea kupita hesabu ya Newton. Kwa miaka 100 tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya 40 ya upana wa mwezi tunaouona. Nani angejali kitu kidogo hivyo? Wataalamu walijali. Walitafuta sayari nyingine ya kuivuta, wasiione.

Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa maelezo mapya: kitu kizito hupinda anga na wakati pande zake zote, na vitu vingine hufuata njia hiyo iliyopindwa. Hesabu yake iliondoa kasoro ya Utaridi. Tena alisema kwamba hata nuru ya nyota ikipita karibu na jua hupinda. Jambo hilo lilijaribiwa tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa. Waingereza walipiga picha za nyota huko Brazil na katika kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika. Mawingu yaliwatesa pale Principe, lakini picha chache zilitosha: nuru ilipinda. Siku ile ile kivuli cha mwezi kiliendelea mbele, kikapita juu ya nchi yetu ya Kongo.

Padri Lemaître

Georges Lemaître, mzaliwa wa Charleroi, Ubelgiji, alipewa upadri mwaka 1923, akawa mwalimu Louvain. Mwaka 1927, akitumia hesabu za Einstein, alionyesha kwamba ulimwengu wote unapanuka. Kwanza Einstein mwenyewe alikataa, baadaye akakubali. Padri huyo hakutaka hesabu zake zigeuzwe kuwa hoja za dini. Alisema elimu ina njia yake na imani ina njia yake, naye alizipita zote mbili kwa moyo mmoja. Alifariki mwaka 1966.

Tazameni, basi, jinsi ukweli ulivyopatikana. Aristotle alisahihishwa na Galileo, Newton akasahihishwa na Einstein, na Einstein akamkubali padri aliyemkataa. Wala hakuna aliyeaibika kwa kusahihishwa. Aibu iliwapata wale tu waliotaka kunyamazisha swali.